Gesi Iko Kusini, Wewe Uko Mwanza: Piga Hesabu Kabla Hujatoa Hela

Kama una malori, kituo cha mafuta, kiwanda cha samaki au hata kiti kwenye bodi ya SACCOS hapa Mwanza, ipo siku mtu atakuwekea mezani andiko la mradi lenye picha nzuri. Litasema hivi: Tanzania ina gesi nyingi imekaa tu huko kusini. Ipo teknolojia ya kuigeuza kuwa dizeli. Dizeli Mwanza ni ghali. Kwa hiyo weka hela.

Sentensi tatu za kwanza ni za kweli. Ya nne ndiyo ya kupigia hesabu, na hesabu yenyewe unaiweza. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Anza kwa kushika namba nne. Pipa moja ni lita 159. Futi za ujazo 1,000 za gesi zina joto la takriban milioni moja ya Btu, na hicho ndicho kipimo kinachotumika kuuzia gesi. Kutengeneza pipa moja la mafuta kunakula futi za ujazo kama 10,000. Na mita moja ya ujazo ya gesi ina nguvu karibu sawa na lita moja ya dizeli.

Sasa ziunganishe. Futi 10,000 ni mita za ujazo 283. Maana yake unaingiza gesi yenye nguvu ya lita 283 za dizeli, unatoka na lita 159. Zaidi ya asilimia 40 imepotea mtamboni kama joto. Hakuna aliyekuibia, ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Gesi inavunjwa kuwa kaboni monoksidi na haidrojeni, kisha inapitishwa kwenye kichocheo cha kobalti au chuma ili ijiunge upya kama mafuta. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch waligundua njia hiyo miaka ya 1920. Mtu akikuambia mtambo wake haupotezi kitu, funga daftari.

Piga hesabu ya pipa moja

Chukua karatasi. Andika mistari mitatu: gesi, mtambo, uendeshaji.

Mstari wa gesi. Tuseme umeipata kwa dola 3 kwa kila milioni ya Btu. Pipa linakula kumi za hizo. Andika dola 30. Kila dola moja inayoongezeka kwenye bei ya gesi inaongeza dola 10 kwenye pipa. Kumbuka hilo, utalitumia sana.

Mstari wa mtambo. Hapa ndipo maandiko mengi yanapopita kwa kunyata. Mitambo hii hupimwa kwa bei ya kila pipa la uwezo wa siku. Tuseme dola 100,000. Ukikopa kiasi hicho kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 10, rejesho la mwaka ni kama dola 16,300. Mtambo ukifanya kazi siku 340, kila pipa linabeba dola 48 za deni. Andika 48.

Mstari wa uendeshaji. Vichocheo, maji, umeme, mafundi, bima, vipuri. Weka dola 15, na usishangae zikizidi.

Jumlisha: 30, 48 na 15. Unapata dola 93 kwa pipa, au senti 58 na ushee za dola kwa lita, likiwa bado kwenye geti la kiwanda.

Sasa futa ile 30. Weka sifuri, kana kwamba Mungu mwenyewe amekupa gesi bure. Pipa bado ni dola 63. Andiko lolote linalojenga hoja yake juu ya "gesi ya bei chee" linaongelea mstari mdogo na kuuacha ule mkubwa. Gesi ikikwama inakuwa rahisi, lakini chuma, riba na barabara havishuki bei kwa sababu hiyo.

Cheza na namba kabla hujaziamini. Pandisha riba iwe asilimia 15, ambayo mkopaji wa benki za kwetu anaijua vizuri. Mstari wa mtambo unaruka kutoka dola 48 hadi karibu 59. Rudisha riba kwenye 10, halafu fanya mtambo ulale nusu ya zile siku 340 kwa matengenezo. Mstari huohuo unafika dola 96, kwa sababu benki haijali kama mtambo umelala. Rudisha mtambo kwenye siku 340, pandisha gesi iwe dola 5 na jumla yako inakuwa 113. Fanya haya mbele ya mwenye andiko. Utajifunza mengi kwa kumtazama tu.

Usilinganishe na bei ya pampu

Huu ni mtego wa kwanza, na ndio unaonasa wengi. Mwenye andiko atachukua ile bei yake ya geti la kiwanda na kuiweka kando ya bei unayolipa kituoni Nyakato au Igoma. Tofauti itaonekana tamu sana.

Lakini bei ya pampu ina vitu vingi ndani yake: bei ya mafuta yenyewe, meli, bandari, ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, tozo ya petroli, faida ya muuzaji wa jumla, faida ya kituo, na lori la kutoka Dar. Dizeli iliyotengenezwa kwa gesi ya Tanzania itabeba ushuru na tozo hizo hizo, isipokuwa Serikali iamue kuisamehe. Usijenge biashara juu ya msamaha ambao haujaandikwa kwenye Gazeti la Serikali.

Fanya hivi badala yake. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji na wilaya. Tafuta mchanganuo wa bei, ondoa kodi na tozo zote, ondoa faida za wauzaji na nauli ya lori. Kinachobaki ni bei ya dizeli ikiwa imefika bandarini. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na dola zako 93.

Kisha tazama mstari wa Mwanza na mstari wa Dar kwenye tangazo hilohilo. Tofauti kati yao, kwa sehemu kubwa, ni nauli. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo ya kushindana kwa kuwa karibu na mteja. Ni ndogo kuliko unavyodhani ukiwa umekasirika kwenye foleni ya pampu.

Fuata njia ya lori

Weka kidole kwenye ramani. Gesi ya Mnazi Bay iko Mtwara. Songosongo ni kisiwa cha Kilwa. Ile ya kina kirefu iko baharini, mbele ya Lindi na Mtwara. Mtambo wa kugeuza utajengwa huko, maana mtambo huenda kwenye gesi.

Basi dizeli yako itatoka Lindi, ipite zaidi ya kilomita 400 kufika Dar, halafu kilomita nyingine zaidi ya 1,100 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hadi hapa. Wakati huo dizeli ya meli tayari iko kwenye matenki ya Dar. Imekutangulia safari nzima ya kutoka kusini. Na si Dar tu. Meli za mafuta hushusha hata Mtwara, mlangoni kabisa mwa visima vya gesi.

Kwa hiyo kama mtambo wa namna hiyo ungejengwa na ukafanya kazi vizuri, wateja wake wa kwanza wangekuwa Lindi, Mtwara, Masasi na Songea. Mwanza ingekuwa ya mwisho kwenye foleni. Mtu anayekuuzia hisa kwa hoja kwamba dizeli itashuka bei Mwanza hajapita barabara hiyo, au anatumaini wewe hujaipita.

Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka ikiunganishwa na Dar, nauli inaweza kupungua. Sawa. Itapungua pia kwa dizeli ya meli.

Uliza: hii gesi imekwama kweli?

Gesi huitwa iliyokwama pale inapokosa bomba, mnunuzi au vyote viwili. Songosongo iligunduliwa mwaka 1974 na ikakaa miaka 30 kabla ya kuanza kuzalisha mwaka 2004. Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Enzi hizo ilikuwa imekwama kwelikweli.

Leo hali ni nyingine. Tangu 2015 kuna bomba kutoka Mtwara hadi Dar. Mitambo ya umeme ya Kinyerezi na Ubungo inainunua, viwanda vya Dar vinainunua. Gesi yenye wanunuzi haiuzwi kwa bei ya kutupa. Mtu akikuambia atapata gesi ya Mnazi Bay kwa nusu dola, muulize kwa nini mwenye kisima amuuzie yeye.

Iliyokwama bado ni ile ya kina kirefu cha bahari. Nchi imetangaza futi za ujazo trilioni 57.54, na kama trilioni 47 kati ya hizo ziko huko. Kampuni kubwa zilizopewa vitalu hivyo, Shell na Equinor zikiwamo, zimezungumza na Serikali kwa miaka mingi kuhusu mtambo wa LNG, yaani gesi ya kimiminika, pale Likong'o, Lindi. Makadirio ya gharama yametajwa hadi dola bilioni 42. Kumbuka kwamba hata hao, wenye gesi mikononi, walichagua kuipoza iwe kimiminika na kuisafirisha ikiwa gesi bado. Shell ndiyo kampuni yenye mtambo mkubwa kuliko yote duniani wa kugeuza gesi kuwa mafuta. Inaijua hesabu hii kuliko mimi na wewe.

Tazama na Ntorya, huko Mtwara vijijini. Gesi ipo, haikuwa na njia ya kutoka. Mpango uliochaguliwa ni bomba fupi, lisilofika kilomita 40, hadi mitambo ya kusafisha ya Madimba. Bomba likiwezekana, bomba hushinda.

Ukikutana na andiko, omba karatasi nne: jina la kitalu, mwenye leseni, mkataba wa mauziano ya gesi uliosainiwa, na kiasi cha gesi kwa siku kwa miaka mingapi. Leseni za utafutaji na uzalishaji ziko chini ya PURA. Biashara ya gesi ikishatoka kisimani inahusu TPDC, shirika la mafuta la nchi, na EWURA. Barua ya "tumefurahi kupokea wazo lako" haihesabiki kama mkataba, hata iwe na muhuri mkubwa kiasi gani.

Kiasi cha gesi ukipime mwenyewe. Mtambo mdogo wa mapipa 1,000 kwa siku unahitaji futi za ujazo milioni 10 kila siku. Kwa miaka 20 ni futi bilioni 73. Na unapata nini? Lita 159,000 kwa siku, kama malori manne na ushee ya mafuta. Kwa ile bei yetu ya dola 100,000, umetumia dola milioni 100 ili ujaze malori manne. Na mitambo midogo huwa ghali zaidi kwa kila pipa, si rahisi zaidi.

Jifunze kwa waliotangulia

Si lazima uwe mtu wa kwanza kuumia. Wapo waliojenga, na rekodi zao ziko wazi.

Mtu atakutajia Pearl, mtambo wa Shell na Qatar uliopakia shehena yake ya kwanza mwaka 2011. Unatengeneza mapipa 140,000 kwa siku ya mafuta yatokanayo na gesi, na uligharimu dola bilioni 18 hadi 19. Mwambie amalizie hadithi. Gesi ya pale ni nzito, inatoka na vimiminika vyake: mapipa mengine 120,000 kwa siku ambayo hayahitaji kugeuzwa. Hayo yanabeba sehemu kubwa ya faida. Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay ni kavu, karibu yote ni methani. Bakshishi hiyo haipo.

Wewe mtajie Escravos, Nigeria. Chevron na shirika la mafuta la nchi walipanga mtambo wa mapipa kama 33,000 kwa siku kwa chini ya dola bilioni 2. Ulipoanza mwaka 2014, bili ilikuwa karibu bilioni 10. Gawanya: dola 300,000 kwa kila pipa la uwezo. Rudi kwenye karatasi yako, weka namba hiyo mahali pa 100,000, uone kilichobaki.

Mossel Bay, Afrika Kusini, ulianza mwaka 1992 na ulikuwa kati ya mitambo mikubwa ya mwanzo duniani kutumia gesi asilia. Uliendeshwa miaka mingi. Kisha visima vikapungua, na mwishoni mwa 2020 mitambo ikasimama kwa kukosa gesi. Mabomba yapo, matenki yapo, mafundi wapo. Ndiyo maana nakwambia uulize miaka, si kiasi cha siku tu.

Na usiruke Motunui, New Zealand. Mtambo huo wa katikati ya miaka ya 1980 uligeuza gesi kuwa methanoli, kisha petroli. Mafuta ya dunia yaliposhuka bei, petroli hiyo ikakosa maana, na wenyewe wakabaki kuuza methanoli. Huko Marekani, Shell iliachana na mpango wa mtambo wa Louisiana mwaka 2013, kabla hata mafuta hayajaporomoka. Mwaka uliofuata yakaanza kushuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa, na Januari 2016 yalikuwa chini ya 30. Pima andiko lako kwa bei hizo mbili. Likifa kwenye 30, waulize watakaa na deni kwa miaka mingapi wakisubiri.

Uliza watatengeneza nini hasa

Njia ya Fischer na Tropsch hutoa dizeli nzuri sana, isiyo na salfa, pamoja na mafuta ya taa, nafta na nta. Petroli nzuri ya moja kwa moja haitoki. Sasa nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uone boti zinazoingia: injini za nyuma karibu zote zinakunywa petroli, na madumu yanayopakiwa kwenda Ukerewe, Kome na Goziba ni ya petroli. Bodaboda petroli. Kwa hiyo anayekuambia mradi wa dizeli ya gesi utamkomboa mvuvi wa sangara hajasimama mwaloni.

Dizeli hiyo safi ina bei ya juu kidogo Ulaya. Kituo cha Buzuruga hakitakuongezea hata shilingi kumi kwa usafi wake. Mitambo midogo inayopona mara nyingi hujiegemeza kwenye nta na mafuta ya vilainishi, si dizeli. Hata mtambo wa Shell wa Bintulu, Malaysia, ulioanza 1993, unajulikana kwa bidhaa hizo. Kama andiko halina mstari wa nta wala mnunuzi wake, bado halijaiva.

Kama unachotaka ni nishati nafuu, pita njia nyingine

Pengine huna shida na dizeli ya gesi. Una shida na bili ya mafuta. Hapo mambo ni mepesi zaidi.

Usisahau kwamba gesi ya kusini inafika Mwanza tayari. Inapita kwenye waya. Inachomwa Kinyerezi, umeme unaingia gridi, unapanda Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, unakuja. Kabla ya njia hiyo kuimarishwa, hapa kwetu ulijengwa mtambo wa Nyakato, wa zaidi ya megawati 60, unaotumia mafuta mazito yanayoletwa kwa barabara. Sasa Bwawa la Nyerere nalo limeingia, umeme wa gridi una nguvu zaidi. Kazi yoyote unayofanya kwa jenereta kwa mazoea tu, kama pampu ya maji, mashine ya barafu au kinu cha kusaga, ihamishie kwenye umeme na uache jenereta kwa dharura. Huhitaji andiko la mradi kwa hilo, unahitaji fundi na ombi TANESCO.

Usifunge mfumo wa CNG, yaani gesi iliyoshindiliwa, kwenye gari la Mwanza kwa sababu shemeji yako wa Dar anaokoa hela. Yeye ana vituo, na TPDC wameongeza kituo kikubwa Barabara ya Sam Nujoma. Subiri uone kituo hapa kikijaza magari ya watu wengine kwa miezi kadhaa bila kukauka. Mtungi mtupu kwenye buti unapunguza nafasi ya mizigo, basi.

Na ukitaka kujua kwa nini kituo hicho kinachelewa, piga hesabu ya trela. Trela la CNG hubeba gesi ya mita za ujazo elfu kadhaa, tuseme 6,000, yaani sawa na lita 6,000 za dizeli. Safari ya Dar kwenda na kurudi ni kilomita 2,300 hivi. Kichwa cha lori kikila lita 40 mpaka 45 kwa kilomita 100, kimemaliza kama lita 1,000. Sehemu moja ya sita ya mzigo imeishia barabarani. Lori la dizeli lenye lita 36,000 linakula lita hizo hizo 1,000, sehemu moja ya 36.

LNG ndiyo yenye nafasi kwa umbali wetu. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri inapungua ukubwa mara 600, na trela moja linaweza kuleta kama mita za ujazo 25,000. Kwa hiyo ukisikia mwekezaji wa LNG ndogo ya malori anatafuta wateja wakubwa Kanda ya Ziwa, migodi ya Geita na Kahama au viwanda vya samaki, msikilize. Lakini msikilize kama mnunuzi.

Gesi ya mtungi unayopikia ni kitu kingine kabisa. Ile ni propani na butani, inaletwa na meli, haitoki Songosongo. Bei yake inafuata soko la dunia. Andiko likichanganya gesi ya mtungi na gesi asilia kwenye ukurasa wa kwanza, usisumbuke kusoma wa pili.

Gesi iliyokwama karibu nawe

Watu huuliza: Ziwa Victoria lina methani kama Kivu? Hapana. Kivu ina kina cha mita 485, maji ya chini hayapandi juu, na methani kama mita za ujazo bilioni 60 zimefungiwa humo. Victoria ni kubwa ila haina kina, mita 80 hivi palipo na kina zaidi, na maji yake hujichanganya kila mwaka. Gesi haipati nafasi ya kujikusanya. Usinunue hisa za methani ya Victoria kwa mtu yeyote.

Ila Kivu ina somo la biashara. Tangu 1963, gesi kidogo ilitolewa Rubona na kuchomwa kwenye boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi. Mwaka 2016 ukazinduliwa KivuWatt, megawati 26 za umeme. Hawakuanza na dizeli. Waliichoma palepale inapotoka, kwa kazi iliyokuwapo tayari.

Fanya hivyo na gesi yako ndogo. Una machinjio, ng'ombe wa maziwa, taka za samaki au mashapo ya maji machafu? Gesivunde inayotoka humo ina methani kama asilimia 60, kwa hiyo mita moja ya ujazo inakupa nguvu ya lita 0.6 ya dizeli. Usifikirie kuijaza kwenye mitungi wala kuigeuza mafuta. Tafuta moto unaowaka kila siku ndani ya uzio wako: boila, jiko la kantini, kikaushio cha dagaa. Pima kwanza lita za dizeli au magunia ya mkaa yanayoingia pale kwa mwezi. Mtambo wako wa gesivunde usizidi ukubwa wa hitaji hilo, maana gesi ya ziada itakuwa imekwama kama ya Lindi.

Ukishapima yote na bado unaupenda mradi wa dizeli ya gesi, usiingie kama mwenye hisa. Ingia kama mteja. Mwambie mwenye andiko utasaini mkataba wa kununua lita kadhaa kwa mwezi, zifikishwe kwenye tenki lako Mwanza, kwa bei iliyo chini ya bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika kwa shilingi mtakazokubaliana, malipo baada ya kupokea mzigo. Mradi ukiwa mzuri, mkataba huo ni mali kwake. Benki inaupenda kuliko hisa zako. Akikataa na kusisitiza anataka fedha taslimu kwanza, mpe chai, mrudishie andiko lake.